Usiku wa Rihani, Alfama

Jina letu halikuwamo. Kijana wa mlangoni alishuka na kidole mstari kwa mstari, akapanda nacho tena hadi juu ya ukurasa, na kabla hajasema neno macho yake yalikwisha kutuomba radhi. Mume wangu akamwonyesha simu: ujumbe wa kuthibitisha nafasi ya watu wawili, tarehe 12 Juni, saa mbili na nusu usiku. Kijana akausoma, akaingia ndani, akatoka na mkubwa wake. Maelezo yalikuwa marefu, maana yake fupi. Usiku huo hawapokei wageni kama siku nyingine. Meza zote zilikwisha kuuzwa kwa bei ya sikukuu na kulipiwa mapema, na ule ujumbe wetu ulitumwa na kompyuta yenyewe, hakuna mtu aliyeuona. Wakatuomba samahani mara tatu. Meza hatukupata.

Tulikuwa Lisbon, juu kwenye kilima cha ngome ya São Jorge. Mume wangu alikuwa amevaa koti la kijivu aliloshonewa Mombasa kwa ajili ya usiku huo mmoja. Kwa miezi miwili alikuwa ameniambia jambo moja tu, kwamba tarehe 12 nisile sana mchana. Tulikuwa tunatimiza miaka 25 ya ndoa. Binti yetu anasoma Uholanzi. Tulikwenda kumtazama, naye akatukatia tiketi za siku nne Ureno, akasema ni zawadi yake. Chakula cha usiku wa ndoa, baba yake akasema, kiko juu yangu. Sasa nilimwona anairudisha simu mfukoni, anaitoa, anairudisha tena.

"Bibie, nimekuaibisha."

"Mimi nimekuja kula na wewe," nikamwambia. "Hukuniahidi ukuta wala kiti. Twende."

Lazima nimweleze mtu huyu kidogo, la sivyo yaliyofuata hayataeleweka. Amefanya kazi bandari ya Kilindini miaka 30, karani wa shehena, mtu wa kuhesabu na kuandika. Neno la mapenzi halimtoki. Huliona linakuja, linafika kooni, linarudi. Anachoweza ni leso. Kila Idi huenda Biashara Street peke yake, akasimama mbele ya leso zilizotundikwa, akasoma majina moja baada ya moja mpaka apate lile linalosema alichokuwa nacho moyoni mwaka mzima. Sanduku langu lina leso za miaka 25, na anayetaka kujua ndoa yetu ilivyopita azitoe azisome kwa mpangilio. Zipo za kuomba msamaha. Ipo moja ya kuninyamazisha, na nilinyamaza. Na ipo hii niliyosafiri nayo, nyekundu na nyeusi, aliyoniletea mwaka aliokataa kazi ya Doha yenye mshahara mara tatu ya ule wa bandarini, kwa sababu mimba ya mtoto wetu wa pili ilikuwa inanitesa na daktari alishanikataza hata kunyanyua ndoo. Jina lake: *Nimetia nanga, sing'oi.* Hakunieleza uamuzi wake kwa mdomo, wala siku ile wala baadaye. Aliiweka leso kitandani, akaenda msikitini kuswali Isha.

Basi tukaanza kuteremka. Jua lilikuwa bado juu ya mto Tejo. Katikati ya Juni jua la Lisbon huzama baada ya saa tatu usiku, na sisi tuliozoea Magharibi ya saa kumi na mbili na nusu tulikuwa na siku ya tatu hatujaelewana na saa zetu. Tulikwisha kukubaliana kwamba tutazikusanya Magharibi na Isha kwa pamoja kama msafiri alivyoruhusiwa. Moshi ulikuwa unapanda kutoka chini, moshi wa makaa na samaki, mwingi kiasi kwamba nilidhani mahali fulani kuna moto.

Mama aliyetukodisha chumba alikuwa ametuambia asubuhi kwamba tumekuja usiku mzuri, nasi tukaitikia kwa adabu bila kuelewa. Tarehe 13 Juni ni sikukuu ya Mtakatifu Antonio. Dunia humwita Antonio wa Padua, kwa kuwa alifia karibu na mji huo wa Italia mwaka 1231, lakini Lisbon hailikubali jina hilo hata kidogo. Alizaliwa kwao, karibu na kanisa kuu, mwishoni mwa karne ya 12, na ni wao. Mkesha wake ndio usiku mkubwa wa mji. Barabara pana ya Avenida da Liberdade hupitisha maandamano ya mitaa, kila mtaa na nguo zake na wimbo wake, mashindano yaliyoanza 1932. Waliobaki mitaani hutoa majiko nje. Na zaidi ya yote, Antonio ni mtakatifu wa wanaotafuta wachumba. Desturi ya kuwaozesha maharusi wengi kwa pamoja wakati wa sikukuu yake ilianza 1958, ikakatika miaka ya 70, ikafufuliwa. Mchana ule tulikuwa tumewaona kwenye ngazi za kanisa kuu: mabibi harusi wamepangana kwa mavazi meupe, mama zao wanawashikia mikia ya magauni isiguse mawe, na mpiga picha anapiga kelele. Mume wangu alitazama muda mrefu. Nilidhani anawahesabu, kwa tabia ya kazi yake.

Chini kidogo ya kanisa kuu kuna kanisa dogo lililojengwa mahali panapoaminika kuwa ndipo mtakatifu huyo alipozaliwa. Tulipolipita, mume wangu akasoma kibao: *Igreja de Santo António*.

"Gereza," akasema.

Nami nikasikia. Wataalamu wa lugha wanasema neno letu gereza limetoka hapo, kwenye igreja, nyumba ya ibada ya Wareno. Ndani ya Fort Jesus ya Mombasa kulikuwa na kanisa, na baadaye Waingereza wakaigeuza ngome hiyo kuwa jela tangu 1895 hadi 1958. Babu yangu alikuwa akiipita kila siku na hakuiita kwa jina jingine.

Sitaki kuficha nilichokuwa nacho moyoni. Nimekulia Mji wa Kale wa Mombasa, ambako ukuta wa ngome ile, ulioanza kujengwa 1593, ndio uliotupa kivuli tukitoka chuoni. Siku moja kabla tulikuwa Belém, kwenye monasteri ya Jerónimos, mbele ya kaburi la Vasco da Gama. Amechongwa amelala, mikono imeunganishwa kifuani kama anayeomba. Watalii walikuwa wanapiga picha. Mimi nilisimama nikikumbuka kwamba alifika kwetu Aprili 1498, na kwamba miaka saba baadaye meli za Francisco de Almeida ziliupora mji wa Mombasa na kuuchoma moto. Mkono wangu ulikuwa baridi. Nilitoka nje kabla ya mume wangu, nikakaa juani. Kwa hiyo nilipoingia Alfama jioni ile nilikuwa na njaa, na nilikuwa na kinyongo, na nilikuwa nimevaa leso yangu begani kama mtu anayekwenda kwenye shari.

Alfama ikanishika mahali nisipotarajia. Vichochoro ni vile vile vya kwetu. Nyumba zimekaribiana hadi wa dirisha hili anaweza kumpa wa dirisha lile chumvi bila kushuka. Ngazi zinapinda, zinaishia kwenye mlango wa mtu, nawe unarudi. Nguo zimeanikwa juu ya vichwa vya wapita njia. Wazee wamekaa milangoni, mgongo ukutani, kama wale wa barazani kwetu. Jina lenyewe ni la Kiarabu, al-hamma, chemchemi za maji ya moto, na sisi tunaosema hamamu hatuhitaji mkalimani. Mji huu ulikuwa wa Waislamu kwa zaidi ya miaka 400, mpaka mfalme Afonso Henriques alipouteka 1147. Tetemeko la tarehe 1 Novemba 1755 liliangusha sehemu kubwa ya Lisbon, lakini mtaa huu ulisalimika kwa kiasi kikubwa, ndiyo maana njia zake bado ni za watu wa kale, zisizojua gari wala rula.

Usiku ule njia hizo zilikuwa zimefunikwa kwa mapambo ya karatasi kutoka roshani hadi roshani, na kila hatua kumi kuna jiko. Watu wamejaa hadi tukashikana mikono tusipoteane. Hatukuwa tumeshikana mikono barabarani tangu sijui lini. Mombasa mtu wa umri wake hafanyi hivyo. Alinishika kwanza kwa sababu ya msongamano, na tulipofika mahali penye nafasi hakuniachia.

Tuliketi kwa bibi mmoja kwa sababu ya uso wake. Alikuwa mfupi, aproni ya maua, kidevu kimeinuka, akigeuza samaki mbele ya mlango wake juu ya pipa la chuma lililopasuliwa katikati na kuwekewa makaa. Mezani kwake hapakuwa na mtu: ubao mmoja juu ya makreti mawili ya soda, na vigoda. Nilimuuliza kwa ishara kuhusu nyama ya nguruwe, kwa kuwa majiko mengi tuliyoyapita yalikuwa na mikate ya nguruwe kando ya samaki. Hakunielewa. Akamwita mjukuu wake, msichana wa miaka 16 hivi mwenye Kiingereza cha shule, naye akamweleza. Bibi akapeleka kidole jikoni, akaapa kwa mkono kifuani. Samaki tu. Nguruwe anauza jirani, na wavu wa jirani ni wa jirani.

Ubao ulikuwa mtupu, una alama za mafuta ya miaka. Nikaivua leso begani, nikaitandika.

"Mesa!" bibi akasema kwa furaha, akiupiga ubao kwa kiganja.

"Meza," mume wangu akajibu.

Bibi akamtazama. Akaupiga tena. "Mesa?"

"Meza. Swahili. Meza."

Hapo ndipo usiku ulipogeuka. Bibi akaweka koleo lake chini. Akashika pindo la leso yangu, akaikunja kidogo, akamuuliza mjukuu ni nini. Nikasema inaitwa leso. Akacheka mpaka akajifuta macho kwa aproni. *Lenço*, akasema, akakivuta kitambaa alichojifunga kichwani akanionyesha: *lenço*. Nikawaeleza kadiri nilivyojua: kwamba bibi zetu wa karne ya 19 walinunua vitambaa vya namna ile vikiwa bado havijakatwa, wakaviunganisha vitatu juu na vitatu chini, wakapata nguo moja ya kujifunga, na jina la kitambaa likabaki kwenye nguo. Msichana alifasiri. Bibi akaunyoosha mkono juu, kwenye vile vipande vya karatasi vilivyokuwa vinapeperuka kati ya madirisha. *Bandeira.* Bendera, tukamwambia, wote wawili kwa pamoja. Nikaona macho ya mume wangu yamekuwa ya kijana.

Ng'ambo ya kichochoro, hatua nne tu, wazee wanne walikuwa wanacheza karata juu ya kreti, ule mchezo wao unaoitwa sueca. Mmoja akatupa karata na kutamka: *copas*. Mume wangu alikuwa amekwisha kusimama. Ni mtu wa karata. Kila Ijumaa baada ya Alasiri ana kikao chake barazani, na mimi huwa najua ameshinda kwa mlio wa makubazi yake anaporudi. Akaenda akasimama nyuma yao. Mzee alipotupa nyingine, mume wangu akaitaja kabla yake: "Kopa." Wakageuka. Akagusa kwa kidole karata zilizofunuliwa, moja moja: "Kopa. Uru. Pau. Shupaza." *Copas, ouros, paus, espadas*, wakarudia, kila mmoja analitazama lake na la mwenzake. Wakamsogezea kigoda. Akakataa kwa heshima, akanionyesha mimi. Wakaelewa, wakampiga mgongoni, wakamrudisha kwangu.

Nilimuuliza akiwa anakaa: "Maneno yote haya walituachia, na moto ule je?"

Alifikiri. "Moto walioufanya uliandikwa vitabuni," akasema. "Haya hakuyaandika mtu. Tumeyatunza wenyewe." Kisha akaanza kuvua koti, akalikunja, akaliweka magotini pangu ili lisinuke moshi.

Samaki wakaja. Ni wale sadini ambao sisi tumewazoea mkebeni, wamekatwa vichwa na kuzama kwenye nyanya, na kumbe hatukuwajua. Hawa ni wazima, urefu wa kiganja na vidole, hawakupasuliwa tumbo, wamemwagiwa chumvi ya mawe na kuwekwa motoni hivyo hivyo. Sahani haikuwepo. Bibi alitupa kila mmoja kipande kinene cha mkate, akatulazia samaki juu yake, akasimama atuone tunavyofanya. Tulifanya vibaya. Akaja akanikalia karibu, akanionyesha. Unamshika kichwa kwa vidole viwili. Kwa mkono mwingine unamenya ngozi kutoka shingoni kwenda mkiani, nayo inatoka nzima kama soksi. Unakula mnofu wa juu kwa meno na vidole. Kisha unaukamata mkia, unaunyanyua, na mwiba wote wa mgongo unakufuata na kichwa chake, unabaki mnofu wa chini juu ya mkate. Ule mkate hauguswi mapema. Unaachiwa unywe mafuta ya samaki wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka uwe mzito na rangi ya dhahabu, ndipo unaliwa, na wengine huurudisha kwanza juu ya makaa ukauke kingo. Mimi nimelelewa kwa samaki. Nimekula changu wa kupaka, nimekula nguru, nimekula tasi aliyetoka majini saa ile ile. Mkate ule ulinifunga mdomo.

Kando yake tulipata pilipili hoho zilizochomwa na kumenywa, zimemwagiwa mafuta ya zeituni na vitunguu saumu, na viazi vya kuchemsha. Mwishoni akaleta wali uliopikwa kwa maziwa, sukari na ganda la limau, juu yake amenyunyiza mdalasini kwa vidole mpaka umetokea mchoro wa moyo. Msichana alisema bibi yake huchora maua kwa kawaida. Moyo ameuchora kwa sababu yetu.

Mume wangu alitaka kujua kwa nini samaki hawa wana mafuta kiasi kile, na mmoja wa wale wazee wa karata, ambaye alikuwa mvuvi, akaja kumweleza kupitia kwa msichana. Kiangazi, upepo wa kaskazini huvuma mfululizo kwenye pwani yao. Husukuma maji ya juu kuelekea bahari kuu, na maji baridi ya chini hupanda kuchukua nafasi, yakija na chakula. Sadini hula, hunenepa, na Juni huanza kuwa wazuri. Kabla ya hapo ni mwiba na ngozi. Mume wangu alisikiliza jinsi asivyonisikiliza mimi nikieleza mambo ya harusi. Akamwambia mzee kwamba mwezi kama huo kwetu ni kusi, bahari imechafuka, wavuvi wengi wa ngalawa wamezivuta juu ya mchanga wanashona nyavu, wanangoja kaskazi ya mwisho wa mwaka. Mzee akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli, kama aliyeambiwa habari za ndugu. Wakabaki wanaonyeshana pande za upepo kwa mikono juu ya meza yangu, na mimi nikala sadini wa nne.

Jua lilikwisha kuzama bila sisi kujua. Taa za rangi zikawaka. Ndipo akapita muuzaji na trei ya vichungu vidogo vya udongo, kila kimoja na mmea wa duara kama mpira wa watoto, na kabla sijauona vizuri pua ilinipeleka nyumbani. Rihani. Majani ni madogo kuliko ya ule unaouzwa kwetu pamoja na asumini na kilua, lakini harufu ni ya ndugu mmoja. Wao huuita *manjerico*. Kila kichungu kimechomekwa ua la karatasi na kijibendera chenye shairi la mistari minne. Msichana akatueleza: usiku wa Santo António kijana humpa msichana anayempenda kichungu hiki, na la moyoni linasemwa na kijibendera. Ua lenyewe linaitwa *cravo*, na neno hilo hilo ndilo wanaloitia karafuu ya jikoni.

Nilimtazama mume wangu. Alikuwa amelitazama lile shairi, na najua alichokuwa anaona. Alikuwa yuko Biashara Street.

Alinunua kimoja. Akakisogeza puani, bibi akapiga yowe, akamdaka mkono. Haunuswi hivyo! Pua ikiugusa, mmea hunyauka, ndivyo wanavyoamini wao. Akamfundisha: kiganja unakipitisha juu ya majani polepole, kama unampapasa mtoto utosini, kisha unanusa kiganja. Mume wangu akafanya hivyo. Lakini kiganja hakukipeleka puani pake. Alikileta kwangu, mbele ya watu wote wa kichochoro kile, akakishikilia hapo. Kilikuwa na rihani, na moshi, na chumvi.

"Imeandikwa nini?" nikamuuliza msichana, kuhusu kijibendera.

Alisoma, akaona haya. Ni mtu anamwomba mtakatifu ampatie mchumba kabla kiangazi hakijaisha, akasema. Ni la vijana.

"Basi hilo si lako," mume wangu akaniambia. Akakichomoa kijibendera. Akaingiza mkono kwenye lile koti magotini pangu, akatoa kalamu. Hajawahi kutoka nyumbani bila kalamu. Akakigeuza upande wa nyuma usio na maandishi, akakiegemeza juu ya leso na kuandika kwa herufi zake za kikarani, kubwa na zilizosimama, za kusomeka na kuli hata kwenye mvua. Alichukua muda. Kisha akanipa, akageuka kutazama karata za wazee.

*Ukichelewa sokoni mimi husimama dirishani.*

Niliyasoma mara nyingi. Miaka 25 nimekwenda Marikiti, nimerudi na vikapu, nimemkuta amekaa na gazeti, ananiuliza bei ya samaki. Sikuwahi kujua. Nilishindwa kumjibu. Nikamenya samaki aliyebaki, nikatoa mwiba wote, nikamwekea mnofu juu ya mkate wake.

Bibi hakukubali tulipe wali wa maziwa. Kichungu tulimwachia yeye, kwa sababu tungekipitisha vipi viwanja vitatu vya ndege, naye akakiweka juu ya dirisha lake mbele ya macho yetu. Nilitaka kumpa kitu. Leso yangu ilikuwa doti nzima, pande mbili, moja mezani na moja mkobani. Kwetu wanawake wanaopendana hugawana doti, kila mmoja akachukua upande wake. Nikamtazama mume wangu, kwa kuwa jina lile lilikuwa letu.

"Meli huwa na nanga mbili, bibie," akasema.

Nikaukung'uta ule uliokuwa mezani, wenye mafuta ya sadini na punje ya wali, nikamfunga bibi kiunoni juu ya aproni yake. Aliuliza pameandikwa nini. Msichana hakuweza kufasiri neno nanga, basi mume wangu akamchorea kwa kidole kwenye majivu pembeni ya pipa: mti, upinde, ncha mbili. Bibi akalielewa mara moja, akawaita wale wazee waje waone.

Tulipanda ngazi saa sita usiku, na muziki ulikuwa bado unatoka chini. Tuliswali chumbani, mikono inanuka rihani baada ya sabuni na udhu.

Jumamosi ya kwanza tuliporudi Mombasa nilichelewa Marikiti. Mvua ya kusi ilikuwa inanyesha, nikajikinga kwa muuza viungo mpaka ikapungua. Nilipokata kona ya kichochoro chetu nikafanya kitu ambacho sikuwahi kukifanya. Niliinua macho kabla sijafika. Pazia la dirisha la juu likashuka upesi.

Nilipofungua mlango alikuwa amekaa kitini, gazeti mkononi.

"Samaki bei gani leo?" akaniuliza.